Bunduki ya Shavu la Kushoto

Ganda la risasi lilikuwa linasimama wima kwenye tundu la bunduki la kutolea maganda kama bomba la moshi. Kila Jumamosi. Risasi ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu sawa, ya nne ganda linakwama, na wanachama wote wa klabu wanageuza shingo kunitazama mimi, Mwafrika pekee kwenye ule ukumbi, kana kwamba nimekohoa katikati ya sala. Ilikwama wiki kumi na moja mfululizo. Nikisimulia mahali pengine husema ni mwaka mzima, lakini hapa nitajitahidi kusema kweli, maana uwongo wangu ndio ulioleta haya yote.

Niseme mapema kwamba ilikuwa bunduki halali. Nilikuwa na cheti cha silaha, nilikuwa na kabati la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani, na nyumbani kwangu hapa Erdington, Birmingham, haikuwahi kulia hata mara moja. Ilikuwa ya risasi ndogo, ile ya kutoboa karatasi. Tofauti yake na bunduki nyingine za klabu ni kwamba ilijisindika yenyewe: ukivuta kwa kidole inatoka moja, halafu inajitoa ganda na kujiwekea risasi nyingine bila wewe kugusa kitu. Kwa nguvu hiyo ndogo, sheria ya hapa inaruhusu. Niliinunua ikiwa mkweche kwa muuzaji mwenye leseni, mtutu mpya nikafungiwa na fundi wa bunduki mwenye leseni, na yaliyobaki, yaani kitako, springi, skrubu na kuisumbukia, yakawa yangu.

Niliifanya kwa ajili ya mtu mmoja.

Nilikutana naye kwenye darasa la jioni. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, mchana nawaosha wazee kwenye nyumba ya matunzo, jioni nasomea ufundi wa vyuma na vijana wanaoweza kuwa wanangu. Siku hiyo mashine ya kukereza vyuma ilinirushia kipande cha chuma kikapita karibu na sikio, nami nikatoa tusi ambalo hata nyumbani hulitoi mbele ya mama mkwe. Nyuma yangu sauti ikasema, "Tusi hiyo ni ya Kisumu kabisa."

Nikageuka. Singasinga mzee, kilemba cha bluu, ndevu nyeupe hadi kifuani. Alikuwa anajitolea kutusaidia pale karakana. Alizaliwa Kisumu, akalelewa na harufu ya karakana ya reli alikofanya kazi baba yake, akaja Birmingham na kufanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vidogo vya bunduki huku upande wa Newtown, enzi hizo bado vilikuwa viwanda na si nyumba za kupanga. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, kilichogoma kukua tangu alipopanda ndege. Mimi nilimwita Mzee. Yeye aliniita Fundi wa Usiku, na alihakikisha darasa zima linasikia.

"Fundi wa Usiku, hiyo skrubu iko kosa gani kwako? Iko kula shamba ya baba yako?"

"Nakaza tu, Mzee."

"Hapana kaza. Wewe iko nyonga."

Nilipofaulu, nilitundika cheti changu kwenye ujia pale mlangoni ili hata mwenye kuleta kifurushi akione. Mzee aliniingiza kwenye klabu yake ya shabaha, akanifundisha kupumua, akanifundisha kunyamaza. Yule mzee alikuwa anaweza kutoboa tundu moja mara tano. Hapa sitii chumvi. Karatasi ninazo.

Kisha akapata kiharusi. Miguu ilirudi, maneno yalirudi, lakini mkono wa kulia ulibaki unaning'inia kama mkono wa koti. Bunduki zake zilikuwa za kuvuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi, na mtu wa mkono mmoja atavutaje? Akaziuza zote, akarudisha cheti chake, akawa anakuja klabu kunywa chai tu. Jumamosi moja nilimwona anakitazama kidole chake cha kushoto, anakikunja na kukikunjua taratibu. Nilikijua kile kitendo. Alikuwa anafyatua.

Ndiyo hapo wazo lilipokuja. Bunduki inayojisindika yenyewe, imelazwa juu ya kiegemeo, kitako kimechongwa kwa shavu la kushoto. Kwenye uwanja wa klabu mwanachama anaruhusiwa kupiga kwa bunduki ya mwenzake, mwenyewe akiwepo. Mashindano ya klabu yalikuwa mwezi wa tano. Nikamwambia, "Mzee, mwezi wa tano unapiga." Akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kilemba, akasema ni vumbi.

Nilichonga kitako kwa mbao ya mti wa jozi kwenye kibanda cha nyuma. Msasa nilioutumia ungetosha kulainisha barabara ya Nairobi hadi Mombasa na kurudi. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na hana subira na vumbi, alikuwa akiniletea chai na kuisukuma kwa mguu mlangoni kama anamlisha simba. Mzee alikuja kupimwa. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwa sababu ya ndevu. Ukipima shavu peke yake, siku ya kupiga jicho halitakaa sawa na darubini ya kulengea, maana ndevu zina unene wake. Nilishusha kidogo ule mto wa mbao wa kulazia shavu, akalaza uso, nikashusha tena, akalaza. Mara ya saba au ya nane alifumba macho na hakuinuka. Alikaa hivyo, shavu juu ya mbao, hadi chai ikapoa.

"Iko sawa?" nikamuuliza kwa Kiswahili chake.

"Iko nyumbani," akasema.

Lakini ilikwama. Nilibadilisha springi, ikakwama. Nilisafisha hadi ungeweza kula ugali juu yake, ikakwama. Nilibadilisha magazini, nikabadilisha aina ya risasi, nikaiombea. Kila Jumamosi tunaipeleka klabu, Mzee anakaa, anapumua, tatu zinatoka, ya nne inakwama, nami naifungasha nairudisha Erdington kama mgonjwa aliyekataliwa hospitali. Aprili ikaanza kuisha.

Mzee ndiye aliyeipata, tena kwa masikio. Jumamosi hiyo, baada ya kuhakikisha ni tupu, alinitaka nivute komeo niliachie, mara mbili, tatu, naye ameinamisha kichwa kama anayesikiliza simu ya mbali. Akaniambia nilegeze skrubu mbili zinazoshika chuma kwenye mbao. Robo mzunguko. Nikavuta, nikaachia. Mlio ukawa mwingine kabisa.

"Wewe nakaza kama tairi ya lori," akasema. "Chuma napindika kidogo, komeo nakwaruza, nachoka njiani. Bunduki hapana mbaya. Wewe iko mbaya."

Siku hiyo alipiga risasi thelathini kwa mkono wa kushoto. Haikukwama hata moja. Tano za mwisho zilifunikwa na sarafu ndogo. Wale wazee wa klabu, ambao huwa hawaonyeshi furaha hata timu yao ikifunga, walipiga makofi. Mzee alinipa mkono wake wa kushoto, na mimi nikampa wa kushoto.

Laiti ningekwenda nyumbani nikalala.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na kanisani kwetu kuna muda wa ushuhuda. Wanaotoka kwetu wanajua: huwezi kupata kazi, viza, mtoto au gari lililowaka baada ya kugoma, ukanyamaza. Unasimama, unapewa kipaza sauti, unamrudishia Mungu utukufu. Na ushuhuda mkavu hauna mwenyewe. Kama ulipona mafua, utasema ulikuwa umevishwa sanda. Kila mtu anajua, kila mtu anacheka na kusema Amina. Mimi nilikuwa bingwa wa hiyo kazi. Watu walikuwa wakiniona nasimama, wanakaa vizuri.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Tena Bwana asifiwe! Wapendwa, mnaniona hivi? Nimeunda bunduki kwa mikono hii hii!"

Kanisa likacheka. Mke wangu akanivuta koti. Nikaendelea. Nilisema ilinigomea wiki arobaini kama wana wa Israeli. Nilisema Mungu alipoigusa ilianza kutema moto kama mvua ya mawe, kwamba nikiwa Erdington naweza kumvua mtu kofia kule mtaa wa Shard End bila kumwamsha. Watu wakashika mbavu. Na kwa sababu kicheko kilikuwa kitamu, nikaongeza sentensi moja ambayo ningeilipia hata kwa jino kuirudisha: "Na aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Kihindi pale Newtown, singasinga, nyumbani kwake kuna vyuma vya bunduki vya kujaza lori!"

Kwake kulikuwa na kopo la biskuti lenye tupa nne na bisibisi. Nimelishika kwa mkono wangu.

Ibada yetu hurushwa mtandaoni. Kuna dada mmoja mwema sana anayeandika tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, ili watoto waliozaliwa hapa wasisinzie. Alitafsiri kila neno kwa uaminifu. Mvua ya mawe, kofia ya Shard End, lori. Kicheko hakikuandikwa. Hakuna mahali pa kukiandika.

Jumatano asubuhi maafisa wawili wa polisi waligonga mlango wangu. Sina la kuwalaumu. Walivua viatu walipoona zulia la mke wangu. Walinionyesha ile picha yangu kwenye simu, mdomo wazi, mkono juu, na maneno meupe chini yake, wakaniuliza kama ni mimi. Nikaeleza. Jaribu wewe kumweleza afisa wa leseni nini maana ya ushuhuda. Mmoja aliandika kwa bidii, kisha akauliza, "Kwa hiyo ulisema uwongo kanisani?" Nikasema hapana, si uwongo hasa. Akauliza, basi ni kweli? Wakachukua bunduki na cheti hadi uchunguzi uishe.

Mke wangu alifunga mlango nyuma yao. "Ushuhuda ni wa Mungu, Baba Watoto," akasema. "Wewe ulikuwa unashuhudia mdomo wako."

Ningevumilia hayo. Lakini siku hiyo hiyo wengine walikuwa wamekwenda Newtown, kwa Mzee.

Nilikwenda mwenyewe Alhamisi. Alifungua binti yake, mwanamke wa makamo ninayemheshimu, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha baba yake maana alisomea nacho Kisumu hadi darasa la sita. Hakunikaribisha.

"Waliinua godoro lake," akasema. "Walifungua masanduku ya mama yangu, ambayo hatujayagusa tangu afe. Waliomba radhi kila walipofungua kitu, na kila walipoomba radhi alizidi kuwa mdogo. Baba yangu ameishi kwenye nchi hii tangu mimi nina miaka kumi na miwili. Hajawahi kugongewa na polisi. Hata siku moja. Majirani wote walikuwa nje, kaka."

"Dada, ulikuwa mzaha."

"Najua. Nimeitazama. Ulichekesha kweli."

Nyuma yake nilimwona Mzee. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, uso dirishani, mkono wa kushoto juu ya goti. Kidole kimetulia. Nikaita, "Mzee." Hakugeuka. Nikaita tena. Akazungumza na binti yake, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Mpe chai. Halafu aende."

Nililetewa chai pale pale kizingitini, ya maziwa na tangawizi, imetengenezwa vizuri kabisa, kikombe kwenye kisahani. Niliinywa nimesimama. Ilikuwa ya moto na sikuthubutu kuiacha. Nikarudisha kikombe, nikasema asante, mlango ukafungwa.

Mwezi wa tano ulipita. Kwenye mashindano nilikwenda kutazama, nikidhani labda atakuja kunywa chai yake. Kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine. Nilimpigia, nikaandika barua, nikamtuma hata mchungaji, ambaye alirudi na boksi la jalebi, vile vitamu vya Kihindi, bila jibu. Kanisani siku hizi wakifika kwenye ushuhuda watu hunitazama, na mimi hutazama viatu vyangu.

Novemba barua ilikuja. Uchunguzi umekwisha, hakuna kosa lililopatikana, ila nikumbushwe kuwa makini na matamshi yangu hadharani. Bunduki ilirudi, haina hata mkwaruzo. Nilimwandikia binti yake kwamba iko tayari, kwamba nitakaa kimya kama kaburi, kwamba Mzee aje siku yoyote anayotaka. Alijibu kwa mstari mmoja: baba anasema aliuza bunduki zake zote zamani.

Jumamosi iliyopita niliipeleka klabu mwenyewe. Skrubu zile sikuzigusa. Ziko pale alipoziacha yeye. Nilipiga kumi, nikapiga ishirini. Haikukwama. Mtu wa meza ya pili akanyanyua kidole gumba. Lakini kitako ni cha kushoto, na mimi ni wa kulia, kwa hiyo inabidi nijipinde kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Hata nikihamia kushoto haisaidii. Nikilaza shavu langu pale, jicho linazama chini ya darubini. Nikiinua kichwa hadi jicho likae sawa, kati ya ngozi yangu na ile mbao inabaki nafasi, na nafasi hiyo ni unene wa ndevu zake.