Shati Lililopoteza Mfuko

Nyumba za reli za Nakuru zilinuka moshi wa makaa ya mawe na sabuni inayochemka, na sehemu kubwa ya harufu hiyo ya sabuni ilitoka kwetu. Mama alifua nguo za vijana waliotia makaa kwenye garimoshi. Mimi, msichana wa miaka tisa hivi, kazi yangu ilikuwa vifungo. Nguo ikiingia navihesabu mbele ya mwenyewe, ikitoka navihesabu tena, kwa sababu kijana asiye na mke hupoteza kifungo Rongai akaja kukidai Nakuru.

Miaka hiyo ya hamsini hatukuijua televisheni. Matangazo yalitujia kwa lori. Jioni moja lilisimama uwanjani, wakatundika kitambaa cheupe, na kabla ya sinema ya kuchekesha tukaonyeshwa sabuni ya unga. Shati jeusi kwa masizi lilitumbukizwa kwenye karai, mwanamke mwenye meno mazuri akalikoroga kidogo, akalitoa likimeremeta. Jasho hata tone. Wanawake wa kwetu waliguna kwa tamaa, na mama akanunua pakiti. Alikuwa na sababu. Chumbani kwetu lilining'inia gauni la arusi la akina mama wa kanisa, gauni moja tu, lililovaliwa na kila bibi arusi wa mtaa kisha likarudishwa safi kwa anayefuata. Jumamosi ilikuwa zamu ya shangazi Rasoa, na masizi yalikuwa yamepenya dirishani yakalichafua kifuani. Likiharibika, shangazi hana la kuvaa, na mama hana pa kuuficha uso wake.

Kesho yake jioni, gauni likiwa bado halijaguswa, lori lilirudi na sinema ileile. Jana yake nilikuwa nimeona kitu nikadhani ni macho yangu, basi safari hii nililikazia macho shati tu, sio meno ya yule mwanamke. Tukirudi nyumbani nilimwambia mama kwamba shati lililoingia majini lilikuwa na mfuko wenye kifungo, na lililotoka halikuwa na mfuko wowote.

"Labda sabuni imeula," akasema, akicheka.

Tulitembea kidogo. Kicheko kikamwishia.

"Na kama inakula mifuko," akasema, "gauni la watu itabakisha nini?"

Asubuhi aliujaribu ule unga kwenye kitambaa chake kikuukuu cha kichwa. Masizi yalibaki, kitambaa ndicho kilichoondoka, kikimeguka mikononi kama mkate uliolowa. Mama aliketi sakafuni, akashusha pumzi ndefu, akaanza kucheka mpaka majirani wakachungulia. Gauni alilifua kwa sabuni ya kipande, kwa ncha ya kidole, akalianika kwenye nyasi. Doa lilififia likawa kama kivuli, na shangazi akalifunika kwa maua. Aliolewa akiwa amevaa, jambo ambalo wiki hiyo hatukulichukulia kirahisi.

Siku hizi televisheni iko sebuleni kwa binti yangu kule mtaani Rhonda, na nguo zinatakata humo kutwa nzima. Majuzi niliuliza kama shuka lililotoka majini kwenye tangazo lilikuwa ni lilelile lililoingia.

"Nyanya," mjukuu wangu akanijibu, "hilo limeshapita, sasa ni la mafuta ya kupikia."

Nikaghairi kubishana. Lori letu, pamoja na ujanja wake wote, lilikuwa na adabu ya kurudi kesho yake.