Divai ya Kutema

Ulikuwa mwaka ule tulipokula bundu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake tupu, samaki tukawa tunamsikia tu. Mjukuu wangu alikuwa anaolewa, na pombe ya ndizi hakuitaka. Alitaka divai nyekundu za Ulaya. Tukaenda Bwera, mpakani, kwa mama mmoja Mkongo wa Butembo anayeuza vinywaji, mimi, mjukuu na shangazi wa bwana harusi, ili nichague mimi. Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza na anameza, mgeni ajue hakuna sumu.

Ile ya Ufaransa ilinikausha ulimi kama ndizi mbichi. Ya Italia ilikuwa chachu, kisha ikaacha utamu. Ingefaa na nyama ya mbuzi. Ikabaki ya Uhispania. Hapo muuzaji akanisukumia ndoo.

“Nyanya, usimeze. Unaonja, unatema humu. Ni vile wanafanya kule Ulaya.”

“Niteme mbele ya mkwe? Atasema nimeonja sumu!”

“Ukimeza yote utalewa, hautajua ile iko muzuri.”

“Mimi nilikuwa nakunywa pombe kabla mama yako hajaota meno.”

Mjukuu akanifinya. “Nyanya, unaniaibisha. Tema tu.”

Shangazi yule alikuwa ananitazama mdomo, glasi yake hajaigusa. Ndoa ya mtoto ilikuwa kwenye koo langu, na mtoto mwenyewe haoni!

“Sitemi kinywaji mbele ya mgeni,” nikamwambia muuzaji.

Akainua ndoo mpaka kidevuni kwangu.

“Sitemi kinywaji mbele ya mgeni.”