Jina Nililolitaja Kisiwani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, mwaka mmoja baada ya sisi kurudi Muyinga kutoka Tanzania, mwalimu alituagiza tuandike majina ya vilima na maji ya kwetu. Wenzangu waliyajua tangu wakibebwa mgongoni. Mimi niliitwa mkimbizi hata nikikaa kimya, kwa hiyo nilitaka daftari langu liyashinde yao yote.

Bibi aliyajua. Asubuhi moja alinichukua mimi na binamu yangu Zaina, aliyekuja likizo kutoka Nyamugari, Gitega, tukavuka kwa kukanyaga mawe hadi kisiwa kidogo katikati ya mto, ambako wanawake wa kilima chetu walilima viazi vitamu. Bibi alipalilia huku akinionyesha kwa jembe: kilima kile Rutonde, kile Gasenyi, kile kijito Nyakagezi.

"Na mto huu, Bibi?"

"Huo tutautaja nyumbani. Ukiwa katikati yake hulisemi jina lake. Mto utadhani umeitwa, na utakuja."

Alipokwenda upande wa pili wa shamba, Zaina alinicheka. "We mtanzania, ata jina ya mto hujui? Mi naijua." Akaninong'oneza sikioni. "Lakini ukiisema na nguvu, maji inakuja. We iko mwoga, huwezi."

Nililitaja kwa nguvu mara tatu.

Jua lilikuwa bado linawaka maji yalipogeuka mekundu. Mawe tuliyovukia yakapotea moja baada ya jingine. Bibi alitupandisha juu ya kichuguu, akatushika viuno, na matuta ya viazi yakazama mbele yetu. Nilijua ni mimi niliyeyaita maji yale. Nilitafuta neno la kuyarudisha, sikulipata.

"Nani amelitaja?" Bibi akauliza.

Zaina akatazama miguu yake.

"Mimi," nikasema.

Hakunipiga. Alinifunika kichwa kwa kitenge chake. "Tukifika ng'ambo, usiseme kitu."

Alasiri wanaume walitufuata kwa mtumbwi. Wanawake walikuwa wamesimama ukingoni, viazi vyao vimekwenda na maji, nao wakauliza swali lile lile.

"Ni mimi," Bibi akasema. "Uzee huu. Ulimi umeniponyoka."

Hawakumtukana. Lakini msimu uliofuata, alipofika kwenye mawe na jembe lake, mmoja wao alimwambia kwa upole, "Mama, wewe baki huku." Akabaki. Hadi anafariki alilima kijishamba cha changarawe nyuma ya nyumba, na mimi nilimchotea maji bila kusema neno.

Sasa ninafundisha watoto Gitega. Nawaeleza kwamba mvua ikinyesha mbali, huko juu vilimani, mto hujaa hata penye jua kali. Wananielewa, na mimi naamini ninachowafundisha. Baadhi ya wanawake wale bado wapo. Kila likizo nikirudi Muyinga nawasalimu, wananishika mikono yote miwili, wananiita mwalimu. Zamani niliogopa kuwaambia. Baadaye nilijiambia kwamba yale yalikuwa imani tu, hakuna cha kuungama.

Mto ulijazwa na mvua, hilo nalijua. Bibi alinyimwa shamba kwa sababu nilinyamaza, na bado nimenyamaza.