Kijiti Kilichosubiri Fidla

Kwa miaka kumi na tisa Anselme Quéruel alikalia kiti cha kwanza cha fidla katika okestra ya jumba la opera la Nantes, na kwa miaka hiyo yote aliwaongoza watu ambao kwa jina walikuwa wakimwongoza yeye. Waongozaji waliletwa kutoka Paris kwa treni. Wapo waliojua kazi yao. Wapo pia waliozama ndani ya kitabu cha noti wasiibuke tena, na mmoja, mwaka 1913, alipiga mapigo matatu hewani ilhali muziki wenyewe ulikuwa wa mapigo manne. Siku kama hizo hakuna mwanamuziki aliyetazama kijiti cha mwongozaji. Macho yote yalihamia kwenye kiwiko cha Anselme. Alivuta pumzi puani kwa sauti, akainua upinde kidogo, na watu hamsini wakaingia pamoja. Mwisho wa onyesho mwongozaji alishuka akampa mkono mbele ya watazamaji, na wote wawili walijua mkono ule ulikuwa wa shukrani ya nini.

Alizaliwa mwaka 1878 huko Vertou, mtoto wa fundi wa mapipa ya mvinyo. Katika chuo cha muziki cha Paris alipata zawadi ya pili, si ya kwanza, jambo ambalo katika kazi ile humfuata mtu mpaka kaburini. Kila alipotambulishwa kwa mwanamuziki mgeni, swali lilikuwa lile lile: ya kwanza au ya pili? Alijibu haraka, kama mtu anayeng'oa jino, kisha akapiga fidla, na kwa kawaida swali halikurudi.

Mwaka 1925 vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vilianza kukakamaa. Alibadilisha mipangilio ya vidole, akakwepa noti za juu, akaficha. Mtu mmoja tu hakuweza kufichwa, naye ni Fulgence Barbedor, aliyekaa naye kwenye stendi moja ya noti kwa miaka kumi na mmoja na kumgeuzia kurasa.

"Mzee wangu, vidole vimegoma?"

"Baridi tu."

"Baridi ya mwezi wa saba? Labda umehamia Norwei bila kuniaga."

Anselme hakucheka. Daktari alikuwa amemwambia wiki ile ile kwamba vidole havingerudi, na kwamba vya katikati vingefuata.

Kwa hiyo alipopata habari kwamba mwongozaji wa Chama cha Matamasha ya Jumapili amestaafu, aliandika barua siku hiyo hiyo. Kamati iliamua kuwapa waombaji watatu Jumapili moja kila mmoja, kisha kuchagua. Mwenyekiti, Bwana Hervouët, mwenye kiwanda cha biskuti, alimpokea ofisini kwake na kumwambia waziwazi:

"Bwana Quéruel, tumechoka na watu wa Paris wanaotazama saa ya treni. Tunamtaka mtu wa hapa. Tuonyeshe tu kwamba unaweza kusimama bila fidla mkononi, na nafasi ni yako."

Nyumbani mkewe, Léontine, alimuuliza itakuwaje akikosa.

"Nikikosa, hakuna kingine," alisema. "Vidole vimebaki na mwaka mmoja. Pengine hata huo haupo."

Jumapili yake ilikuwa tarehe 14 Novemba 1926. Wanamuziki wa Chama walikuwa wale wale wa jumba la opera, na Barbedor ndiye aliyekaa kiti cha kwanza badala yake. Mazoezi mawili ya mwanzo yalikwenda vizuri, au yalionekana hivyo, kwa kuwa Anselme alisimamisha, akaimba, akaeleza, na kwenye vifungu vigumu akachukua fidla na kuongoza kwa upinde kama zamani. Katika zoezi la tatu aliiacha fidla ndani ya sanduku. Walipofika sehemu ya pili ya simfoni waliyoiandaa kwa Jumapili ile, sehemu ya taratibu, Gicquel, mpiga zumari, alishusha zumari lake.

"Mwalimu, samahani. Huo mkono unatuanzisha au unatuaga?"

Okestra nzima ikacheka, na Anselme naye akacheka.

"Kuna tatizo gani, Gicquel?"

"Kijiti chako kinafika pamoja nasi. Sisi tunataka kitangulie, kitufungulie mlango. Sasa tunafika mlangoni, tunakukuta na wewe umesimama unabisha hodi."

Gicquel alikuwa amesema kweli tupu. Mpiga fidla husikia sauti wakati ule ule anaopiga. Mwongozaji lazima awe mbele ya sauti, akionyesha kitu ambacho bado hakijasikika. Anselme alilifahamu hilo kichwani. Mwili wake, uliofundishwa kwa miaka arobaini kusikiliza kwanza, haukulifahamu. Alirudia kifungu kile mara sita, na mara zote sita mkono ulishuka pale fidla ziliposhuka.

Baada ya zoezi alimngoja Barbedor kwenye ngazi.

"Fulgence, Jumapili nikizubaa..."

"Hutazubaa."

"Nikizubaa, unajua la kufanya. Kama tulivyowafanyia wale wengine."

Barbedor alivua kofia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na haya aliyasema kama mtu anayekabidhi kitu cha thamani: "Wale tuliwaokoa kwa sababu hatukuwajali, Anselme. Tuliwadharau, tukaendelea na safari yetu. Wewe si wale. Tumekubaliana watu wote: Jumapili hakuna atakayetazama upinde wangu. Tutakufuata wewe."

Anselme alipaswa kumwambia hapana. Alipaswa kumsihi, pale pale kwenye ngazi, amdharau. Lakini hakuna mwongozaji aliyewahi kupewa heshima ile na okestra ya Nantes. Alimshika Barbedor bega, akashuka ngazi.

Jumapili ukumbi ulijaa. Sehemu ya kwanza ya simfoni ilipita salama, kwa kuwa mwendo wa kasi hujibeba wenyewe. Kisha ikaja ya taratibu. Fidla zilianza kwa utamu ambao hakuwahi kuusikia akiwa ameketi katikati yake, na Anselme akafanya alichofanya maisha yake yote: akasikiliza. Aliingoja noti imalizike ndipo ashushe mkono. Wao, kwa uaminifu wao, waliungoja mkono ushuke ndipo waimalize noti. Kila pigo lilikuwa refu kuliko lililotangulia. Gicquel, katikati ya wimbo wake mrefu, aligeuka mwekundu, kisha zambarau, akalazimika kukata sauti na kuvuta pumzi mbele ya watu mia saba. Kikohozi kilianzia roshani kikashuka mpaka safu za mbele. Mpiga ngoma, aliyekuwa na saa mfukoni, alisema baadaye kwamba sehemu ile, ambayo kwa kawaida huchukua dakika tisa, ilichukua kumi na tatu na nusu.

Karibu na mwisho ilisimama kabisa. Pinde zote zilikuwa juu ya nyuzi, macho yote kwenye kijiti, na kijiti kilikuwa hewani kikiwangoja. Anselme aligundua kwamba anatafuta kiwiko cha kufuata.

"Fulgence," alisema chini chini, lakini safu tatu za mbele zilisikia. "Nenda."

Barbedor akavuta pumzi puani, akaenda. Okestra ikamfuata mpaka mwisho.

Kwenye ujia nyuma ya jukwaa, Bwana Hervouët alimpa mkono kwa ncha za vidole tu. "Muziki wa taratibu sana, Bwana Quéruel," alisema. "Taratibu mno." Gicquel alipita na kusema kwamba pale katikati mkewe alishaanza kuchagua nguo nyeusi za msiba. Safari hii hakucheka mtu.

Barbedor alibaki nyuma, fidla kwapani.

"Nilikufuata."

"Najua."

"Ningepaswa..."

"Najua, Fulgence. Nenda nyumbani."

Chama kilimchukua mtu wa Lyon. Mwezi Januari Anselme aliomba mwenyewe kuhamishiwa stendi ya mwisho ya fidla za pili kule jumba la opera, mahali ambapo noti huwa chini na vidole viwili vinatosha kwa nyimbo nyingi. Mwaka uliofuata kidole cha tatu kilikakamaa. Orodha ya wanamuziki ya msimu wa 1928 haina jina lake.

Majira ya kuchipua mwaka huo Barbedor alikuja kula nao chakula cha jioni, akiwa na habari. Bendi ya wafanyakazi wa karakana ya meli ilikuwa inatafuta mwongozaji. Watu wema, alisema, hawana makuu, wanapiga Jumanne jioni.

"Hata hawajui zawadi ya pili ni kitu gani," aliongeza.

Léontine aliweka kijiko mezani. "Mwonyeshe basi, Anselme. Mwonyeshe utakavyowaanzisha."

Anselme aliinua mkono wa kulia juu ya bakuli za supu. Wakamtazama. Mkono ulikaa pale, haukutetemeka, ukingoja sauti ambayo ndani ya chumba kile hakuna mtu wa kuitoa.

"Anza basi," alisema Léontine.

Aliushusha taratibu, akaukata mkate, akampa mgeni kipande.