Simba-Samaki wa Mwalimu Ambakisye

Mwalimu Ambakisye hajawahi kupanda ndege, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Morogoro kusahihisha mitihani. Lakini ukimuuliza namna ya kutoka Hoteli ya Raffles mpaka pale mto wa Singapore unapoingia baharini, atakueleza ukate kulia wapi na kushoto wapi, na atakushauri uchukue mwavuli.

Alifundisha jiografia kwa miaka thelathini na miwili katika shule ya msingi ya kijiji chetu, kilichoko Kyela, kati ya Ngonga na ziwa. Mwaka 1989 aliona katika gazeti la kanisa anwani ya mtu wa Singapore aliyetaka kubadilishana stempu. Akaandika. Aliyemjibu alikuwa Bwana Tan, karani wa ghala. Tangu hapo Mwalimu humpelekea stempu za twiga, tembo na Mlima Kilimanjaro, na Bwana Tan humletea postikadi na stempu za majengo ya mji wake. Bwana Tan anaamini kwamba Mwalimu huuona Kilimanjaro kila asubuhi akipiga mswaki. Mwalimu hajaona sababu ya kumvunja moyo.

Mpaka sasa ana albamu nne, zimefungwa kwenye nailoni. Huku kwetu mvua za Aprili zikikolea, maji huingia ndani na watu hupandisha vitu darini. Mwalimu hupandisha albamu kwanza, halafu mbegu za mpunga. Mkewe Jeni anasema yeye huwa wa tatu, na kwamba mwaka ambao maji yalikuja kwa haraka alikuwa wa nne, baada ya redio.

Kijijini tulimzoea. Televisheni ya dukani ikionyesha mji wowote wenye maghorofa, tulimtazama yeye kwanza. "Hiyo si Singapore," alikuwa akisema, "tazama uchafu ule," nasi tukaendelea na soda zetu. Jeni alilalamika mara moja tu, siku picha yao ya harusi ilipoondolewa ukutani kuipisha Mahakama Kuu ya Singapore. "Baba Lugano," alimwambia, "hao mahakimu walikuozesha?" Picha ikarudi, ila ikawekwa chini kidogo.

Mambo yalibadilika mwenyekiti wetu wa kijiji, Lameck, aliporudi kutoka semina ya viongozi ya siku mbili huko Mbeya. Alirudi na begi, kalamu na sentensi moja: "Singapore nayo ilikuwa kijiji cha wavuvi." Aliisema kwenye mkutano, akaisema kwenye harusi, akaisema kwenye msiba wa mzee mmoja ambaye hakuwahi kuvua samaki hata siku moja. Hatimaye akaja kwa Mwalimu.

"Ndaga, Mwalimu," alisalimia akikaa. "Nasikia una Singapore nzima humu ndani."

"Si nzima. Upande wa kaskazini bado sijaukamilisha."

Mwenyekiti alifungua albamu ya kwanza, akalowesha kidole kwa mate, na Mwalimu akamshika mkono kwa upole. Kurasa zikafunguliwa na Mwalimu mwenyewe. Zilipita bandari, shule, nyumba za wafanyakazi, maktaba. Mwenyekiti alipiga miayo. Kisha ikatokea postikadi ya sanamu nyeupe iliyosimama pale mto unapoingia baharini: kichwa cha simba, mkia wa samaki, na maji yakiruka kutoka mdomoni.

"Hiki ndicho kilichowatoa kwenye uvuvi?" aliuliza mwenyekiti.

Mwalimu alijua jibu. Alikuwa na bandari katika kurasa kumi na moja na shule katika kurasa sita. Lakini katika miaka yote ile hakuna kiongozi hata mmoja aliyewahi kumwuliza swali lolote kuhusu Singapore, na huyu alikuwa amekaa kwake, ameshika kidaftari, anasubiri kuandika.

"Kimechangia," alisema Mwalimu.

Wiki iliyofuata tuliitwa mkutanoni. Mwenyekiti aliinua ile postikadi, ikapitishwa mkono kwa mkono huku Mwalimu akiifuata nyuma kwa nyuma kama mama anayefuata mtoto aliyebebwa na wageni. Tukaelezwa kwamba sanamu ya namna hiyo itajengwa njia panda, pale bodaboda wanapoegesha, na watalii wakiiona watashuka. Saruji ipo tayari, ile ya choo cha shule.

"Na choo?" aliuliza Jeni.

"Mama, mtalii haji kutazama choo."

"Ila akifika atakiulizia."

Watu walicheka, na mwenyekiti akacheka nao, kisha akasema hoja imepita.

Mikutano mitatu ilikwisha kwenye suala la kichwa. Wenye ng'ombe walitaka kichwa cha ng'ombe, kwa kuwa simba hatuna. Wenye kakao walitaka tunda la kakao, mpaka mtu mmoja akauliza maji yatatokea wapi. Mwalimu alisimama na kioo chake cha kukuzia akasema kwamba simba asipokuwepo, hiyo si Singapore tena, ni kitu kingine tu. Kuhusu mkia hapakuwa na ubishi. Utakuwa wa mbasa, samaki wa ziwa letu.

Mwili ulijengwa na fundi Amon, ambaye kwa kawaida hujenga matangi, na kweli ulitokea kama tangi lenye magamba. Kichwa kilimshinda. Ndipo akaitwa mama Tusajigwe, mfinyanzi wa kabila la Wakisi kutoka ufukweni upande wa Matema, ambaye vyungu vyake hununuliwa mpaka Mbeya. Alifika na vibanzi vyake vya kulainishia na kokoto laini ya mtoni. Akazunguka lile tangi mara mbili.

"Huyo simba yukoje?" aliuliza.

Mwalimu alimwonyesha postikadi. Kichwa kwenye picha kilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele. Mama Tusajigwe aliitazama, akairudisha kwa heshima.

"Sijaona kitu hapo, tata. Lakini uso naujua. Nitaweka macho, pua, mashavu."

Alifanya kazi siku nne chini ya turubai. Mwenyekiti alikuja kila siku kusimamia. Alivuta kiti mbele yake, akanyanyua kidevu, akampa maelezo ya namna ya kufinyanga.

Siku ya uzinduzi watu walikuja hata kutoka Ndandalo na Mwaya. Kwaya iliimba, mchungaji aliomba kwa ufupi, kwa kuwa hakuwa na uhakika anaombea nini. Turubai likavutwa.

Mkia ulikuwa wa mbasa, mzuri sana. Manyoya ya simba yalizunguka kichwa kama kofia ya baridi. Na ndani ya manyoya alikuwemo mwenyekiti Lameck, na mashavu yake, na nundu yake juu ya unyusi wa kushoto, akitazama barabara ya Kyela mjini kwa matumaini.

Mwenyekiti ndiye pekee ambaye hakuona. "Ana mamlaka," alisema. Kisha akaamuru maji yafunguliwe.

Nyuma kulikuwa na pipa juu ya jukwaa, na mpira uliopita ndani ya shingo. Pipa lilizidi mdomo wa simba kwa urefu kidogo tu. Maji yalipanda, yakafikiri, yakatokea mdomoni polepole, yakashuka kidevuni tone kwa tone. Kijiji kizima kilisimama kumtazama mwenyekiti wake akidondosha udenda. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika, na kwaya ilishindwa kuendelea na ubeti wa pili.

Baadaye Jeni alimkuta mama Tusajigwe akinawa mikono.

"Dada, umefanya makusudi?"

"Makusudi gani? Wameniletea picha ndogo na mtu mkubwa. Nimefinyanga nilichokiona."

Mwalimu hakuona kichekesho chochote. Alipiga picha, akaipeleka studio ya mjini ikachapwa kama postikadi, na nyuma yake akaandika kwa Kiingereza chake cha darasani kwamba sasa miji yao miwili ni ndugu. Akabandika stempu tatu za tembo.

Jibu lilifika baada ya miezi miwili. Mwalimu alilisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akamsomea Jeni. Bwana Tan alishukuru sana. Alisema sanamu ya kwao ilihamishwa mwaka 2002, baada ya daraja jipya kuizibia mandhari, kwa hiyo haipo tena pale inapoonekana kwenye postikadi. Zile postikadi alizinunua kwa wingi zamani, duka lilipokuwa linafungwa. Yeye mwenyewe hajafika eneo lile kwa muda mrefu, maana ni mbali na njia ya basi lake.

"Imehamishwa," alisema Mwalimu. "Miaka yote hii nimekuwa nikiwaelekeza watu mahali pasipo na kitu."

"Umewaelekeza akina nani, Baba Lugano? Kuna aliyekwenda?"

Kwa wiki mbili Mwalimu hakufungua albamu. Wiki ya tatu alichukua penseli, akaanza kuandika chini ya kila postikadi neno moja dogo, "zamani", na kazi hiyo ikamrudishia hamu ya kula.

Sanamu bado ipo. Choo cha shule bado ni shimo na majani ya migomba. Watalii hawajashuka, ila maharusi hushuka kupiga picha, na makondakta wamepaita pale "Kwa Mwenyekiti". Lameck alishinda tena, bila mpinzani. Watu walisema ni vigumu kumwondoa mtu ambaye tayari amemwagiwa zege.

Aliyepata kazi ni mama Tusajigwe. Mwenyekiti wa kijiji cha jirani alimfuata mpaka ufukweni, akamkuta akipanga vyungu kwenye moto, akasubiri amalize. Alitaka simba-samaki wa kwao, mkubwa kuliko wetu.

"Niletee picha ya simba," alisema mama Tusajigwe.

Mwenyekiti yule alikohoa, akatazama ziwani, akatoa kwenye mfuko wa shati picha yake mwenyewe ya pasipoti.

"Kitambi usikiweke," alisema.