Kijiti cha Nyanya

Asifiwe Mungu aliyeniachia pua inayonusa hadi uzeeni. Leo asubuhi nimesugua kibuyu cha maziwa alichoniachia nyanya kwa kijiti kilichoungua, ili maziwa yapate ladha ya moshi, na moshi huo ukanirudisha utotoni, Rongai, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu.

"Keti, mama, uone ninavyosugua," nyanya aliniambia.

"Wenzangu wananingoja turuke kamba!"

"Kamba ipo hata kesho. Kijiti hiki kinazimika sasa hivi."

Nilicheka, nikakimbia. Nyanya hakuifikia mvua iliyofuata.

Nimejaribu miti mingi, lakini maziwa hayajapata ladha ya yale yake, kwa sababu sikuketi hata kumwuliza alikata mti gani.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie mtu wa kukuambia keti, na moyo wa kuketi.