Picha za Baba Akitoka Mlangoni

Nilikuwa nimekusudia kurekodi video. Dada yangu anaishi Mwanza, hakuwa ameonana na wazazi kwa muda mrefu, akaniomba nikifika Kidete nimrekodie baba akitembea, aone tu hali yake. Simu yangu ilikuwa mpya, sijaizoea. Nikasimama uani, baba akatoka ndani kuja kunisalimu, nami, macho yangu yakiwa kwenye kitufe, nikabonyeza na kushikilia kidole. Nilipokuwa nimeshapita Kilosa, ndani ya basi la kurudi Mikumi, ndipo nilipogundua kwamba sina video yoyote. Nilikuwa na rundo la picha mnato, zote za baba akitoka mlangoni, zikitofautiana kidogo kidogo.

Picha zenyewe zilikuwa nzuri. Moja nilimtumia dada palepale: baba kasimama kizingitini, kainua mkono, anatabasamu. Dada akajibu, "Ananipungia." Nami niliona hivyohivyo.

Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu. Mchana, wageni wakiwa mbugani, panakuwa kimya. Mwenzangu wa jikoni akanionyesha programu ya simu inayounganisha picha ziwe video. Unazichagua, unazipanga, unaamua kila moja ikae kwa muda gani. Mara ya kwanza zilijipanga kinyume, za mwisho zikatangulia, baba akawa anarudi ndani kinyumenyume na muziki ambao sikuuchagua. Tukacheka. Nikazipanga upya, nikaondoa muziki, nikaongeza kasi.

Sikucheka tena. Ule mkono haukupunga. Uliinuka, ukapapasa hewani, ukashika mwimo wa mlango. Mguu ulishuka kutafuta ngazi, ukarudi, ukashuka tena. Na ule uso wenye tabasamu haukunielekea mimi, ulielekea kwenye tangi la maji. Nikapunguza kasi, nikidhani labda programu ndiyo inayomharibu. Nikitazama picha mojamoja, naona mzee mwenye furaha. Nikiziachia ziende, naona mtu asiyeona. Sikujua niamini kipi.

Maana baba ni msomaji kanisani. Jumapili niliyokuwa kwao nilimsikia akisoma somo, kitabu wazi mbele yake, bila kukwama popote. Asiyeona anasomaje?

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ulifika salama?"

"Nilifika. Mama, baba anaona?"

Nilisikia kuku wake.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimeona kwenye picha."

"Picha si ulipiga mwenyewe, na anacheka?"

"Nimeziunganisha mama. Sasa zinatembea."

Hilo hakulielewa, nami nilishindwa kulieleza. Akasema taratibu kwamba yeye humsomea somo wiki nzima mpaka baba alishike lote kichwani. Mtu akibisha hodi, yeye ndiye humnong'oneza ni nani. Na baba alimkataza kutuambia sisi watoto.

"Sasa hicho ulichotengeneza, usimwonyeshe mtu," alisema.

Lakini dada alikuwa anasubiri video yake. Nilikaa na simu mkononi mpaka wageni wakarudi, nikijiuliza nimtunzie nani siri na kwa faida gani. Mwishowe nikatuma. Alipiga simu analia, akataka baba apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Baba hakubisha, jambo ambalo nalo lilinishangaza. Daktari wa Kilosa alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ugonjwa huo unatibika. Jicho moja likafanyiwa upasuaji Morogoro, likaona. Tuliporudi Kidete ndipo baba alipouliza tulijuaje. Ikabidi nimwonyeshe. Aliishika simu karibu na uso, akaitazama video mpaka ikaisha, akaniambia niirudie.

"Ungeniuliza tu," akasema.

"Ningekuuliza ungeniambia, baba?"

"Nisingekwambia."

Akanirudishia simu, akachukua jembe, akaenda shambani peke yake. Sijui kama alikasirika au alishukuru, na mpaka leo sijapata namna ya kumuuliza. Mama alibaki amesimama uani, akimtazama anavyokwenda, hajui amfuate au arudi jikoni. Akanigeukia mimi kana kwamba nina jibu.